Mwalimu Alipopima Nyumba Yetu

Juzi, kwenye maonyesho mjini Eldoret, niliona mchoro wa nyumba yetu ya zamani, iliyojengewa vibarua wa shamba la mzungu huko Turbo. Nikakumbuka alasiri ambayo mwalimu mmoja mstaafu alikuja kuipima kwa tepu ya fundi. Jikoni kulinukia moshi na maziwa. Kwa jirani, watu walipima kisha wakabomoa, kwa hiyo nilikaa mlangoni nikilia.

“Mwalimu, tunahama lini?” Mama aliuliza kwa sauti ndogo.

“Hakuna anayehama, Mama Jebet. Nahifadhi historia ya nyumba hizi, watoto waje kujua nani aliishi humu.”

Mama alishusha pumzi, akaketi. Nami nikafuta machozi, nikamwomba mwalimu apime pia kibanda cha kuku. Akakipima.