Mkanda wa Gari la Kerugoya

Mtu niliyemng'oa jino Kerugoya hakuwa adui yangu. Alikuwa akiniuzia gari, au tuseme alikuwa akimsaidia shemeji yake kuliuza. Shemeji huyo alikuwa mjane wa ndugu yake, na logbuku, hati ya umiliki wa gari, ilikuwa kwa jina lake mjane. Lakini mimi ngumi yangu haina subira. Marehemu baba alizoea kuniambia hasira ni hasara, na kila aliponiambia hivyo alikuwa ameshika kiboko.

Nilihitaji gari kubwa, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na nililihitaji kabla ya mvua. Mwaka uliotangulia mke wangu alishikwa na uchungu mvua ikinyesha, na gari dogo nililokodi likakwama kwenye ule udongo mweusi wa kwetu Endarasha. Nilisukuma, nikapiga milango mateke, nikamtukana dereva mpaka akalia. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, akiwa amekufa. Sasa mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na nilikuwa nimeapa hatazalia njiani tena.

Niliuza viazi, nikauza ng'ombe wawili wa maziwa. Fundi wangu wa Majengo, pale mjini Nyeri, alitaka elfu tatu ili aje kunikagulia gari. Nikamwita mwizi. Akacheka, akanifundisha jambo moja bure.

"Mzee, vuta mkanda ya dereva mpaka mwisho. Gari inaoshwa yote, viti, carpet, engine, lakini mkanda hakuna mtu anakumbuka. Ukipata matope huko ndani, jua hiyo gari ilizama mtoni. Teremsha bei bila huruma."

Basi nikaenda Kerugoya peke yangu, na akili ya kuazima.

Gari lilikuwa nyuma ya nyumba ya mjane, limeoshwa likang'aa. Walitaka milioni moja na elfu mia tatu. Kwa umri wake ilikuwa bei ya haki, maana nilikuwa nimeona mengine ya namna hiyo Karatina na Nanyuki, na hayakupungua hapo. Niliingia, nikavuta mkanda. Ulitoka safi, halafu ukatoa doa kubwa jekundu, lililokauka na kuanza kuwa la kahawia. Nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Sisi wa Endarasha huwacheka watu wa Kirinyaga, kaunti ya huko Kerugoya, kwamba udongo wao mwekundu hupaka rangi hata vifaranga. Kwangu mimi, kitu chekundu kilichokauka Kirinyaga kilikuwa matope tu.

"Hii gari ilizama!" nikafoka. "Ati mnaniuzia gari ya mtoni?"

"Haikuzama," mjane akasema. "Baba, hiyo ni..."

Shemeji yake alimzaba kofi lililompeleka mpaka ukutani. Mdomo ukapasuka. "Ilizama kidogo tu," yule bwana akaniambia, wala hakuvuta pumzi. "Tuongee bei."

Nami nikaongea bei. Mwanamke alikuwa amechuchumaa akitema damu kwenye leso, na mimi nilikuwa nikigongagonga boneti, nikitaja kutu, nyaya, na injini iliyokunywa maji. Nilikuwa na ukali wa mtu anayeshinda. Tulifika elfu mia tisa, tukashikana mikono.

Halafu yule bwana akaninong'oneza kwamba anataka elfu thelathini zake pembeni, la sivyo mjane hatatia sahihi. Hapo ndipo ngumi ilipoondoka. Alianguka chali, nikamfuata chini, nikampiga tena na tena mpaka jino likatoka na vidole vyangu vikachanika. Alipompiga mjane, nilinyamaza. Aliponiongezea bei, nilimpiga. Nimejaribu kusimulia jambo hili kwa namna nyingine na haikubali.

Mjane aliniangalia vidole vilivyochanika. Hakunishukuru. Akatia sahihi.

Kesho yake nilimpelekea fundi gari, nikijigamba. Alifunua zulia, akakuta pakavu. Akachungulia chini ya viti, hakuona kutu. Akavuta mkanda, akalowesha kidole kwa mate, akasugua lile doa.

"Mzee, gari ikizama, matope inashika mkanda yote. Hii imekaa pahali ya kifua peke yake." Akajipangusa kidole kwenye ovaroli, mara mbili. "Hii ni damu."

Nilimkaba ukosi, nikamwambia ananitisha kwa sababu nilimnyima elfu tatu. Hakujitetea. Nikamwachilia.

Mkanda mwingine ungechukua wiki mbili kufika kutoka Nairobi, na mvua haikungoja. Alhamisi mchana mke wangu aliniita kwa sauti niliyoikumbuka. Barabara ilikuwa uji. Nilifunga mkanda ule juu ya kifua changu, nikatia gia nzito, na gari likapanda likinguruma palepale lile dogo lilipokwama. Nilikuwa nikilia na kutukana. Mtoto wetu alizaliwa hospitalini Nyeri, msichana, akiwa na kelele kama zangu.

Juma hilohilo nilimtumia mjane elfu mia mbili kwa simu, nusu ya zile nilizoteremsha. Zilirudi kabla ya jua kutua. Nikampigia, nikamwambia nilikosea, gari halikuzama, na hizo ni haki yake.

"Bwana yangu walimkata na panga hapa kwa gate, akingoja nimfungulie," alisema. "Hata mkanda hakuwahi kufungua."

Kisha akaniuliza:

"Uliniona nikipigwa?"

"Nilikuona."

"Sasa hii pesa, baba, ni ya gari ama ni ya ile kofi?"

Nilikuwa nimempakata mtoto. Mimi niliyezoea kufoka, nilimziba sikio kwa kiganja.