Kiinitete Hakipokei Amri

Siku yangu ya kwanza kazini mpakani Malaba, mkuu wa kituo cha kukagua mbegu, mzee mkali asiyependa maneno mengi, alinipa wembe na punje ya mahindi iliyolala majini. "Pasua kwa urefu, mama. Mpaka umwone mtoto."

Nilimwona. Anaitwa kiinitete: mmea mchanga uliolala ndani ya mbegu. Juu ana chipukizi lililojikunja, chini kijimzizi, na ubavuni ngao inayomnyonyea chakula kutoka kwenye ule wanga tunaosaga unga. "Akifa huyu," mzee akasema, "iliyobaki ni ugali." Miaka ya tisini nikaimalizia hapo, nikikagua mbegu zinazovuka mpaka.

Mzee alipostaafu, tukaletewa mkuu mwingine, mtu wa harakaharaka. Msimu mmoja, mvua zimeshaanza, likaingia lori la mbegu za kuuziwa wakulima wa Marachi. Mahindi yanang'aa! Nikaloweka, nikapasua, nikatia ile dawa inayokipaka kiinitete hai rangi nyekundu. Ai! Punje baada ya punje, nyeupe pe. Mtu aliyakausha kwa moto mkali, akaua watoto wote.

"Piga muhuri," mkuu akasema. "Watu wanangoja mbegu."

"Hii si mbegu, boss. Ni chakula."

"Mimi ndiye nimesema!"

"Basi yaambie yaote."

Nikauchukua muhuri, nikaufungia kwenye kibeti changu, nikakikalia. Lori likageuzwa.

Kesho yake akina mama wa Marachi wakaja kunifokea. "Sasa tupande nini, mawe?" Walikuwa na haki. Nikawauliza yale mahindi wanayofunga kwa maganda yake juu ya meko, moshi uyakinge na wadudu, yako wapi. Mkuu akacheka: "Mahindi ya masizi!" Wakayaleta. Nikapasua mbele yao, nikatia dawa, yakawa mekundu. Wakaenda kupanda.

Mimi nikahamishiwa Sio Port, kando ya ziwa, kwenye meza isiyo na mbegu hata moja, ninuse omena, wale dagaa. Iliniuma, sitawadanganya. Wenzangu wakaniambia nimwombe mkuu radhi. Radhi ya nini? Sikuomba.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, bosi wangu wa mwisho, kijana mpole, akasimama na hotuba yake: "Mama huyu alikuwa mtumishi mtiifu..."

Nikaweka kikombe chini.

"Boss, hilo neno lifute. Marachi walivuna mwaka ule kwa sababu sikutii."