Chui Aliyeingia Sandukuni Mwenyewe

Watu wakiniuliza kama mume wangu ana mke mwingine, nawajibu ndiyo, na mwenzangu ana mkia. Miaka kumi na moja nimeishi na mwanamume anayekimbilia kumwona chui kabla hajaniuliza mimi nimeamkaje. Ni mtunza wanyama katika bustani ya wanyama ya mji wetu. Nguo zake za kazi nazifua kwenye beseni lake peke yake, na bado harufu haitoki. Wifi yangu husema ningekuwa na pua nzuri nisingeolewa katika ukoo ule.

Chui mwenyewe mume wangu alimpa jina la Bibie. Aliletwa akiwa mdogo, ametolewa kwenye mtego wa waya, mguu wa nyuma umekatika vidole viwili. Kumtunza si kumrushia nyama na kuondoka, kama wanavyodhani wale wanaokuja Jumapili kupiga picha. Kila asubuhi mume wangu anachokonoa kinyesi kwa kijiti, makini kama mimi ninavyokagua mshono wa mteja msumbufu. Anapima nyama, anatazama anavyokanyaga, anahamisha magogo ili mnyama asichoke kuona kitu kilekile, kisha anaandika yote daftarini kwa mwandiko wake wa kuku.

Mkuu wa watunzaji ni Shemeji. Si ndugu wa damu, lakini yeye na mume wangu walianza kazi siku moja, wakifagia banda moja, na ndiye aliyesimamia harusi yetu. Walikuwa chanda na pete. Mwanangu wa kwanza alijifunza kutembea akishikilia vidole vya yule mtu. Nasema haya ili ujue ni nani aliyetutenda.

Mwaka jana Shemeji alikuja nyumbani na furaha mpaka akasahau kuvua viatu. Bibie amechaguliwa! Kuna hifadhi ya msitu wanakozalisha chui; atawekwa na dume, na watoto wake watalelewa bila kuzoea binadamu, kisha wataachiwa porini. "Kazi yako, ndugu yangu," akamwambia mume wangu, "ni kumzoesha sanduku tu."

Tu! Safari ndefu ya chui huwa ndani ya sanduku la mbao na vyuma, na wengi huingizwa wakiwa wamelazwa kwa sindano ya usingizi. Bibie hawezi. Walipomlaza mara moja ang'olewe jino, aliacha kupumua, na daktari wa wanyama alimsukuma kifua mpaka jasho likamtiririka. Akasema dawa ile asipigwe tena, atakufa. Kwa hiyo ilibidi aingie kwa miguu yake.

Na hilo halilazimishwi. Kwanza sanduku liliwekwa bandani, milango wazi, nyama ikakaa hatua tano mbali nalo. Kisha nne. Akitia kichwa ndani, anapewa kipande cha moyo wa ng'ombe. Akitia mabega, kingine. Sheria ni moja, mume wangu aliniambia: usimdanganye hata mara moja, la sivyo hatakuamini tena maishani. Ilichukua miezi saba. Siku mlango uliposhushwa na Bibie akabaki ndani anajilamba, mume wangu alirudi akanizungusha jikoni na mwiko wangu mkononi. Nilimwambia aniache, chakula kinaungua, huku nacheka.

Asubuhi ya safari lori lilikuja limechorwa ubavuni jina la hoteli na bwawa la kuogelea. Mume wangu akadhani wameliazima. Akamuuliza dereva njia ya msituni ikoje siku hizi.

"Msitu gani?" dereva akasema. "Huyu anakaa pale karibu na bwawa. Kizimba chake kimeshapakwa rangi."

Mume wangu akamgeukia Shemeji. Shemeji akatazama viatu vyake. Ati hifadhi ilijitoa zamani, kabla sanduku halijafika bandani. Hoteli ndiyo iliyomtaka, na itajenga kliniki ya wanyama, mmoja aende ili mia mbili watibiwe.

"Miezi saba unaniletea moyo wa ng'ombe," mume wangu akasema, "na ulijua."

"Ndugu yangu, lori linasubiri."

"Simwiti."

Shemeji akafungua kasha, akatoa bunduki ya sindano. "Basi nitamlaza."

Mume wangu aliniambia kwamba pale alikiona tena kifua cha Bibie kimetulia, siku ile ya jino. Akachukua ndoo, akaenda mlangoni, akamwita kwa sauti ya kila siku. Bibie alikuja anakimbia, na ule mguu wake, akaingia, akalala, akageuza kichwa kusubiri chake. Akampa. Mlango ukashushwa. Hata hakunguruma.

Kwa wiki mbili mume wangu hakusema nyumbani zaidi ya salamu. Mimi ndiye niliyesema, na nilisema mpaka jirani akazima redio anisikie vizuri. Mnafiki mkubwa yule! Amekula kwangu, ameshika wanangu, halafu anatuchezea shere. Hasira ninayo mpaka leo, na sitaki kupozwa.

Jumapili ya tatu Shemeji alikuja mwenyewe, mchana, kofia mkononi, akamkuta mume wangu ameinama sebuleni. Sikumkaribisha kiti.

"Shemeji, sina la kujitetea," akaniambia.

"Hapo angalau umesema kweli. Kwa nini hukumwambia mapema?"

"Ningemwambia, asingemfundisha."

Alilisema hivyo hivyo, bila kupepesa macho. Mume wangu hakuinua uso. Nadhani kimya kile kilimshinda Shemeji, akataka apunguziwe walau kosa moja. Akamsogelea, akamshika bega.

"Lakini usinione muuaji, ndugu yangu. Nisingemlaza. Daktari alishakataa, dawa akaifungia kabatini na ufunguo akaondoka nao. Bunduki ile haikuwa na kitu ndani. Nilitaka tu ukubali."

Ndipo mume wangu alipomtazama. "Haikuwa na kitu?"

"Haikuwa na kitu."

"Kwa hiyo ningekaa tu," akasema taratibu, "ningekunja mikono nisimwite, mngefanyaje?"

Shemeji aliutoa mkono begani. Nadhani sasa ndiyo alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Alinitazama mimi, kama kwamba ningemsaidia, nami nikamwambia, "Jibu, umeulizwa."

"Hatungekuwa na la kufanya," akasema. "Angekuwa bado yupo kwako."