Namba Tasa Yenye Watoto Saba

Kwenye ukuta wa ua, mbele ya nyumba ya Mwalimu mstaafu, palikuwa na namba kubwa ya rangi ya bluu, 73939133. Kila mgeni wa mtaa aliyeiona alidhani ni ya simu, akaipiga. Isipoita, alikuja kubisha hodi na kulalamika.

Siku alipooa, Mwalimu alichora 7. Alipozaliwa kifungua mimba akaongeza 3, na kila mtoto aliyefuata akaja na tarakimu yake. Wala haikuwa tarakimu yoyote tu: ilibidi namba nzima ibaki tasa, isigawanyike ila kwa moja na kwa yenyewe. Mkewe alicheka mpaka machozi. "Ati tasa, na watoto saba!" Baada ya Kitinda, yule wa saba, Mwalimu alitafuta tarakimu ya mtoto mwingine. Alizijaribu zote, hakuna iliyokubali. Mama akashika kiuno: "Namba imesema tupumzike, basi tupumzike." Na kweli hawakuzaa tena.

Sasa Mama ni marehemu. Wale sita walishika njia zao, na hupiga simu wakikumbuka. Kitinda alibaki na cherehani yake barazani, anashona sare za shule na kumtunza baba. Msiseme hakupata pa kwenda. Alipata, akakataa.

Ndipo wakaja watu wa mfereji. Maji ya mvua yalitaka njia, na ukuta ungekatwa mwisho mmoja. Msimamizi wao alikuwa muungwana.

"Shikamoo, mzee. Chagua mwenyewe, tukate upande gani?"

"Marahaba. Kateni mkiani," Mwalimu akajibu papo hapo. "Ile 3 ya mwisho."

Kitinda alisikia, sindano ikamchoma kidole. Ile 3 ya mwisho ilikuwa yake. Kati ya watoto wote, wa kukatwa ni yeye anayemfulia! Alikanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika.

Jioni alimwekea baba chakula bila neno. Mzee akaonja.

"Leo chumvi imesusa?"

"Labda nayo imekatwa mkiani."

Baba akaweka kijiko chini. "Mwanangu, 7 ni mama yako na mimi. Ukiiondoa, inayobaki inagawanyika kwa kumi na moja, imekwisha hiyo. Ukikata mkia, inabaki tasa. Kata tena, bado tasa, mpaka ufike kwenye 7 yenyewe. Ndiyo maana naipenda."

"Hesabu nimeielewa, Baba. Lakini aliyekatwa ni mimi."

Mzee alisogeza sahani kando.

"Ndugu zako sina pengine pa kuwaona ila pale ukutani. Wewe ukutani wa nini? Si huyu hapa, umeninunia mezani kwangu?"

Kitinda aliinuka haraka, akageuza uso, akasema anakwenda kuleta chumvi.