Nililegeza Waya wa Mizani ili Mke Wangu Aaibike

Mkosaji ni mimi, ndugu zangu, na wa kumsingizia sina. Si shetani, si pombe, si marafiki wabaya. Mkono ulioshika bisibisi ulikuwa wangu, na akili zangu nilikuwa nazo timamu!

Kwetu ni Murusagamba, kule Ngara, ila maisha yangu yako Biharamulo, ambako ni fundi umeme wa kiwanda cha unga. Mke wangu, nitamwita Mama Jeni, ni binti wa Nyamahanga. Mimi ndiye niliyemwombea kazi pale, ya kushona midomo ya mifuko.

Kilipoletwa kiwandani mtambo wa kujaza mifuko, injinia aliyeufunga alitafuta mtu wa kumfundisha. Nilijua ni mimi tu. Miaka yote hiyo navuta nyaya, nani mwingine? Akamchukua Mama Jeni, eti kwa sababu anauliza maswali!

Mtambo wenyewe uko hivi. Unga unashuka kwenye mfuko uliokaa juu ya mizani. Mizani inasoma kilo na kuzipeleka kwa waya kwenye kompyuta ndogo inayoendesha mtambo, ambayo mafundi wanaiita kontrola. Zikifika kilo ishirini na tano, kontrola inafunga mlango wa unga. Hao wawili wasiposikilizana, kazi imelala. Na aliyejua kuwapatanisha alikuwa mke wangu peke yake.

Wivu ukanishika. Anamenya ndizi huku simu iko sikioni, anaongea na injinia. "Nimeweka kasi ile ile ya mawasiliano pande zote mbili, sasa mizani inajibu!" Anacheka. Mimi niko pale pale kwenye kigoda, siambulii neno. Nikaanza kunusa nguo zake akitoka kazini! Sikupata kitu kwa sababu hakikuwapo kitu, lakini mwenye wivu haridhiki kwa kukosa.

Kilichonimaliza ni tangazo la meneja. Wageni kutoka makao makuu watakuja Ijumaa, na mtambo ukienda vizuri mbele yao, Mama Jeni atapelekwa Mwanza kusomea ufundi. Akirudi atakuwa msimamizi wa mafundi. Wa mafundi! Yaani na mimi nimo!

"Sasa utamwomba mkeo ruhusa hata ya kwenda chooni," wenzangu wakanitania. Nikacheka kuliko wao. Moyoni nilikuwa naungua.

Jumanne, watu wote wakiwa kwenye chakula cha mchana, nilipanda ngazi hadi kwenye kisanduku cha maungio ya nyaya, juu nyuma ya mtambo. Nikalegeza waya mmoja wa mizani hadi ukawa unagusa tu, kisha nikaufunga utepe wa umeme vizuri. Mtambo ukizimwa, kontrola ikabaki na umeme, waya unagusa na mawasiliano yapo. Ukiwashwa unatetemeka, waya unaachia, kontrola haisikii kitu. Nilijua anavyofanya kazi: atapima mtambo ukiwa umezimwa, na ataukuta mzima.

Na ndivyo ilivyokuwa. Akabadilisha kasi ya mawasiliano, akairudisha. Akabadilisha waya wa chini. Akapiga simu kwa injinia, safari hii bila kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi! Kila akizima na kupima, mizani inajibu. Kila akiwasha, kimya.

Siku ile ya kwanza aliniuliza, "Baba Jeni, kile kisanduku cha juu umekikagua?"

"Nimekikagua mwenyewe. Kizima."

Hakupanda. Angemjibu hivyo fundi mwingine, asingemwamini, angepanda ajionee. Mimi aliniamini kwa kuwa ni mume wake.

Ijumaa wageni wakaja, wakatukuta tunajaza unga kwa makoleo kama watu wa mashine ya kijijini. Mama Jeni amesimama mbele ya kontrola, kitenge kimejaa unga, jasho linamtiririka. Meneja akasema mbele ya watu wote, "Nilijua tu. Mambo ya mitambo si ya akina mama." Mke wangu aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimesubiri aibu hiyo siku tatu, na ilipofika sikuweza kuitazama.

Wageni walipoondoka alichukua ngazi akapanda. Na aliyemshikia ngazi ni mimi! Akafungua kisanduku, akaushika utepe.

Mimi nina kawaida yangu. Nikifunga utepe, nakunja ncha yake kidogo, ili fundi atakayekuja asihangaike kuubandua kwa kucha. Pale kiwandani hakuna mwingine anayefanya hivyo. Nyumbani, waya wa redio una mkunjo huo, wa pasi unao, na yeye alikuwa akinitania kwa ajili yake. Siku ile hakunitania. Aliniangalia kutoka kule juu, akaubandua utepe, akakaza waya. Mtambo ukawashwa, mifuko ikaanza kujaa yenyewe.

Meneja akaja mbio. "Ilikuwa nini?"

"Waya ulilegea, bosi. Ni mimi niliyesahau kuukaza."

Alijibebesha kosa langu! Safari ya Mwanza ikafutwa, akarudishwa kushona mifuko. Nyumbani hakunigombeza. Jumapili alimchukua mtoto wetu Jeni, wakaenda Nyamahanga kwa wazazi wake.

Nikafuata desturi. Nilibeba madumu mawili ya pombe ya ndizi, nikaenda na kaka yangu kuomba mke wangu arudi. Shikamoo nikatoa, marahaba nikapata, tukakalishwa. Baba mkwe akasema, "Binti yangu hajatuambia lolote. Kwetu mume akija kuomba, kosa analitaja kwa kinywa chake. Sema, mkwe."

Mama Jeni alikuwa amekaa kwenye mkeka, ananitazama. Nawaapia, alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kusamehe, anangoja neno moja tu.

Nikawaona shemeji zangu. Nikamwona kaka yangu, ambaye kila siku hunisifu kwamba mimi ndiye fundi wa ukoo. Nikasema, "Nilimkaripia."

"Hilo tu, Baba Jeni?" akauliza taratibu.

"Hilo tu."

Akainuka, akachukua madumu yote mawili, akayarudisha miguuni pa kaka yangu, ndiyo kusema ombi limekataliwa, akaingia ndani. Wala hakulia.

Ninyi wanaume wenzangu mnaonisoma, mkeo akikuzidi kwa jambo, mshikie ngazi kwa moyo mmoja! Na ukiwa umekwisha kukosea, likiri kosa siku ile unapoulizwa, mbele ya yule anayekuuliza. Mimi leo nimelisema lote, waya, utepe na ngazi, kwa watu nisiowajua. Na hata hapa, jina langu nimelificha.