Jezi namba kumi na moja, na kofia ya mwenyekiti kichwani kwa mpishi

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu, shikamooni.

Huwa nasoma nyuzi zenu na kupita kimya. Niliishia darasa la saba na naandika taratibu kwenye simu, mnivumilie. Haya yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nimeona mnabishana kuhusu wachezaji wa kubebwa timu ya taifa. Jamani, kubebana hakukuanza jana.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa. Mimi kijana wa Vihingo, Kisarawe, winga wa kushoto, nina aibu kiasi kwamba nikifunga goli naangalia chini. Nikachaguliwa kuingia kambi ya vijana wa mkoa pale Kibaha. Kutoka hapo twende Dar, tukacheze mbele ya makocha wa taifa.

Mama alikuwa ameshakitangazia kijiji kizima.

Asubuhi ya safari, tumeshavaa jezi, akafika mwenyekiti wa mpira wa mkoa. Bwana huyu alikuwa mkubwa kwenye siasa pia, akikohoa tu kocha anasimama. Alikuja na mpwa wake, Hamisi, njumu mpya zinang'aa. Hajafanya mazoezi nasi hata siku moja.

Mwenyekiti akaninyooshea kidole. "Wewe, vua jezi umpe mwenzio. Safari hii tunataka vijana wenye mwamko."

Kocha akatazama chini. Mimi nikaanza kuvua. Ndivyo nilivyokuwa, sina mdomo.

Sasa hapa, kwa wasiojua utani.

Mwenyekiti alikuwa Mzaramo. Mpishi wetu wa kambi, Bi Nyamizi, Mnyamwezi, alikuja huku na mumewe aliyekuwa anakata mkonge. Hao ni watani. Mtani anaweza kukuchukulia kitu chako mbele za watu na huruhusiwi kununa. Ukinuna umeaibisha ukoo wako. Unakomboa, unacheka, yameisha.

Bi Nyamizi akatoka jikoni na mwiko wake, akamvua mwenyekiti kofia ya kiua, akaivaa yeye.

"Leo mwenyekiti ni mimi," akasema. "Mzaramo gani huyu anavua watoto wa watu nguo hadharani? Mpwa wako ampokonye huyu kijana mpira, mara moja tu, kofia nakupa. Akishindwa, kijana anasafiri, na wewe unaikomboa kofia kwa jogoo."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akageuka huku na huku, akaona wazee wa kwao waliokuja kutuaga wanasubiri kuona atasema nini. Akacheka kwa shida.

"Haya mtani, umenikamata."

Wakuu, nilicheza. Peku, kama nilivyozoea. Hamisi akija kulia mimi niko kushoto, akiruka mpira umeshapita chini yake. Mwisho akakaa kwenye vumbi, anacheka kuliko watazamaji.

"Mjomba," akasema, "si nilikwambia mimi napenda kutazama?"

Akavua njumu akanipa. Zilinipwaya, nikajaza matambara.

Dar tulifungwa, na timu ya taifa sikuitwa. Lakini nilicheza mechi nzima, nikafunga goli moja, na kwa mara ya kwanza nikainua kichwa. Nikamwona Hamisi kando ya uwanja na ndoo ya maji ya wachezaji, anapiga kelele mpaka sauti imekauka. Alikuwa ameomba kuja nasi, na hakuna aliyemkatalia.

Jogoo aliletwa. Tulimla kambini, kofia ikarudi kwa mwenyewe na harufu ya moshi.

Nilichojifunza: mkubwa anayeharibu michezo anaweza kuwaziba midomo kocha na wachezaji, lakini lazima kuna mtu ambaye mkubwa huyo hawezi kumnunia. Mtafuteni huyo. Na kwenu huko, nani aliwahi kumvua mkubwa kofia? Tiririkeni, nitasoma zote, japo kujibu nitachelewa.

Mwenyekiti naye, mpaka uzeeni, tukikutana Kibaha alikuwa ananiita "jogoo wangu".

Nami naitika.