Krismasi Chifu Alipofunga Pombe

Kila Desemba ikifika, wajukuu wangu huanza ubishi wao: pombe ikipigwa marufuku sikukuu, madereva walevi hupungua au hawapungui? Mmoja hushikilia lake, mwingine lake, halafu wote hunigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa mke wa dereva wakati madereva wa huku kwetu walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Wanataka ndiyo au la. Sina. Ninacho kisa cha Krismasi moja, nacho huwa sikimalizi mbele yao.

Tulikaa Gesima, upande wa juu, miaka ya hamsini ikianza, kabla majani chai hayajatufikia. Tulilima wimbi, mahindi na pareto. Mume wangu aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini Kisii. Alipeleka magunia, akarudi na chumvi, mafuta ya taa na watu waliokaa juu ya mizigo wakijishikilia. Barabara ya kutoka mjini ilikuwa ya udongo mwekundu. Ilifika kwenye mgongo wa mlima uliotazamana na wetu, ikapinda ghafla penye jiwe kubwa, ikateremka mpaka daraja la magogo, ndipo ikapanda kuja kwetu. Pale penye jiwe tulipaita Kona, na hakuna aliyeuliza kona gani.

Kabla sijaolewa, lori moja lililojaa watu wa sherehe lilianguka pale. Dereva alikuwa amelewa, na lori halikusimama mpaka mtoni. Baada ya mazishi wazee walipeleka amarwa, ile pombe yetu ya wimbi, wakaimwaga kwenye jiwe ili waliofia pale wasikae na kiu. Madereva nao wakaiga. Kila dereva aliyetoka kunywa, na sikumjua ambaye hakutoka kunywa, alibeba kibuyu kidogo kwa ajili ya Kona. Alifika akazima injini, akashuka, akamwaga kidogo na kusema, "Hii ni yenu, tupisheni." Kisha utingo alizungusha hendeli ya kuwashia mpaka jasho limtoke, injini ikashika, dereva akapiga honi moja ndefu ya kuaga, akaweka gia ya chini na kuteremka taratibu kama aliyebeba mayai.

Honi hiyo tuliisikia sisi wake wa ng'ambo ya mto, na ndiyo iliyokuwa saa yetu. Ikilia, naweka maji ya ugali motoni. Ugali ukiiva, lori linaingia uani, na mume wangu anashuka akinicheka kwamba nampenda kuliko anavyostahili. Na ilikuwa kweli.

Lile jiwe lakini nililichukia. Mimi ni Msabato, nimelelewa bila hata chai, na mambo ya kuwanywesha wafu niliyaona ni ujinga wa watu wazima. Isitoshe, palikuwa pabaya. Hata kiangazi pamekauka, jiwe lilinuka pombe mbichi. Ng'ombe walikula majani mpaka mahali fulani, wakainua vichwa na kugeuka. Mchana mmoja nilipita peke yangu natoka sokoni, ukungu umeshuka, nikasikia mtu anakunywa. Haikuwa sauti ya maneno. Ilikuwa ile sauti ya mrija unapovuta chini ya chungu, pombe ikikaribia kwisha. Nilitazama huku na huku, hakuna mtu. Niliimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa hadi darajani, na nyumbani sikusema neno, maana mume wangu angenitania wiki nzima.

Basi mwaka ule chifu aliita baraza. Krismasi iliyopita ilikuwa mbaya barabarani, malori na hata baiskeli, na yeye alikuwa amechoka kuzika watu kila Januari. Alisema kuanzia mkesha mpaka mwaka mpya hakuna kuuza pombe, vilabu vyote vifungwe.

"Na atakayepatikana barabarani na kibuyu," akasema, "huyo atakula Krismasi kwangu, korokoroni."

Wanawake tulipiga vigelegele, na mimi nilipiga kuwashinda wote. Hapo mama mkwe wangu akasimama. Alikuwa mpishi wa amarwa aliyesifiwa mpaka Nyacheki, mama mfupi, mpole, asiyependa kusema mbele za watu.

"Chifu, tumesikia," akasema. "Na wale wa Kona watakunywa nini?"

Baraza zima liliangua kicheko. Chifu mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho. "Wale wamekufa, mama. Wale hawana kosa na mimi."

Tuliporudi nyumbani, mlangoni mama mkwe akasema, "Mmecheka sana. Mimi sikuwa nachekesha."

Asubuhi ya mkesha mume wangu alijiandaa kwenda mjini. Kibuyu cha Kona kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari wake, nyuma ya mlango, mama yake amekwisha kukijaza. Alikishika, akakipima mkononi, akafikiri kidogo. Kisha akakirudisha.

"Chifu hatanii," akaniambia. "Askari kanga wake wamejaa njiani. Nikilala ndani, lori litarudi na nani?"

Nilifurahi, na leo sitajifanya sikufurahi. Nilidhani nimempata mume asiyenuka pombe angalau kwa sikukuu moja.

Yaliyotokea mjini nilikuja kuelezwa baadaye na utingo wake, mtu wa ziwani aliyekuwa amepanga chumba karibu na soko, mtu mzima, Mkatoliki, asiyegusa kileo. Vilabu vilikuwa vimefungwa kweli. Lakini pombe yetu ya chungu haifichiki: inataka maji ya moto, mirija mirefu, watu kukaa duara, na hadithi hadi jua lizame. Kwa hiyo wenye kiu waliingia nyumba moja ya uani, wakafunga mlango, wakanywa ile kali ya chupa iliyopikwa msituni. Walikunywa wamesimama, haraka haraka, sikio likiwa nje. Mume wangu alitoka humo akitembea vizuri tu, na macho yake, alisema yule utingo, yalikuwa ya mtu mwingine.

Alasiri hiyo ukungu ulishuka mapema, ukalala bondeni ukafuta daraja. Mama mkwe alikuwa kibarazani akipukuchua mahindi. Mimi nilikuwa nafagia jikoni nikasikia honi ya Kona, moja, ndefu, ile ile.

"Huyo amefika," mama mkwe akasema bila kuinua kichwa.

Niliweka maji. Nje niliona moshi ukianza kwenye nyumba za majirani, moja baada ya nyingine, kwa sababu wengi walikuwa na mtu wao juu ya lori lile. Mlima mzima ulikuwa unapika. Nikasonga ugali, nikaufunika, nikatoka kutazama barabara. Barabara haikuwa na kitu. Nilirudi, nikagusa sahani kwa juu, ilikuwa bado na joto. Nilipogusa tena, joto lilikuwa limekwisha.

Mama mkwe aliacha mahindi yake akaja kukaa karibu na mlango. "Ile honi ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

"Ilikuwa yake?"

"Sasa itakuwa ya nani?" Nilijibu kwa ukali.

Halafu tukamwona utingo anapanda njia ya miguu kutoka mtoni. Alikuwa amelowa kuanzia kichwani. Mkononi ameshika hendeli ya lori, ameibana kifuani kama mtu anayebeba mtoto, na sidhani alijua ameibeba.

"Shemeji," akasema, "hatukusimama."

Sikumwelewa. Nilimwambia akae, hakukaa.

"Tulifika Kona nikamwambia simama. Akaniambia, nisimamie nini, sina cha kumwaga. Kwa wale watu huendi mikono mitupu, ni matusi. Heri nipite mbio, akasema, wasinione. Akapita na gia kubwa ile ile, shemeji, kama mtu anayemkwepa mkwe wake. Wengine waliruka. Mimi nilitupwa. Yeye ameenda nalo majini."

Mama mkwe alikuwa amekwisha kuanza kulia, kile kilio cha kuinua mikono, na majirani walikuwa wanakuja mbio. Mimi nilikuwa bado nimeng'ang'ania kitu kimoja.

"Kama hamkusimama, nani alipiga honi?"

"Honi gani, shemeji? Hakuna aliyepiga honi."

Tulimzika nyumbani. Chifu alikuja, akavua kofia, akasimama nyuma kabisa. Watu walitaka nimlaani, na nilikuwa na hasira ya kutosha: kwake, kwa chupa ile, kwa jiwe, na zaidi ya wote kwa mume wangu, aliyeona haya mbele ya wafu asione huruma kwangu. Lakini siwezi kusema uongo. Krismasi ile walevi walipungua kweli. Soko lilitulia, watoto waliwaona baba zao wakila mchana. Madereva wengi walirudi wazima. Yule mmoja asiyerudi alikuwa wangu.

Marufuku iliendelea mwaka uliofuata, na mwingine. Mimi nilifanya nililoweza. Mkesha ulipofika nilijaza kibuyu uji mwepesi wa wimbi, nikaenda kusimama kwenye jiwe tangu alasiri. Lori likitokea nilisimama katikati ya barabara. "Zima. Shuka. Mwaga hii. Usipite mikono mitupu." Askari kanga alikuja akanusa kibuyu changu, akakuta ni uji, akaondoka akitikisa kichwa. Wazee wa kanisa waliniita wakaniuliza nafanya ibada gani. Niliwajibu kwamba nasimamisha magari, na kama kuna mstari unaokataza kusimamisha magari wanisomee. Hawakunisomea. Hakuna lori lililoanguka.

Kisha ukaja mwaka niliougua homa. Mkesha ulinikuta kitandani nimefunikwa mablanketi, natetemeka, nasikiliza. Honi zikalia, moja, nyingine, nyingine, kila moja ndefu kutoka Kona, na baada yake injini inayoteremka pole. Nilishukuru Mungu kwamba wamekumbuka wenyewe.

Baada ya mwaka mpya dereva mmoja alipita kunijulia hali. "Asante, mama, kwa kutuwekea mtu," akasema.

"Mtu gani?"

"Yule wa kibuyu. Amesimama jiweni na koti limelowa chapachapa, na mvua haikunyesha. Ameinua mkono, ameniambia shuka, mwaga. Mwenyewe hakushusha mkono mpaka niweke gia ya chini." Akacheka kwa aibu. "Nilikuwa nimekunywa kidogo, siwezi kukuficha. Utingo wangu hakunywa, yeye anasema tulisimama bure, hapakuwa na mtu."

Niliuliza wengine. Waliokuwa wamekunywa walimwona wote. Wasiokunywa hawakuona kitu.

Watu walitegemea niogope. Nilichosikia ni wivu, wivu mkali. Miaka ile yote nilisimama pale na macho makavu, na hakuwahi hata kunikoholea. Anawatokea walevi wa watu, mimi mkewe nasimama na uji.

Desemba iliyofuata nilimwomba mama mkwe anipikie amarwa kidogo. Alinitazama, akaenda kusaga kimea. Nilikwenda Kona mapema, malori bado. Nusu ya kibuyu nilimwagia jiwe. Nusu niliinywa mimi, nimesimama, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu. Ilikuwa chungu, ikanikaba, nikaendelea hadi kibuyu kikauka. Kichwa kikawa chepesi. Ukungu ulipanda kutoka mtoni ukanifikia magotini, na karibu yangu mrija ukaanza kuvuta chini ya chungu. Safari hii sikuimba. Nikasikia harufu ya koti lililolowa, nikageuka.

Hapo ndipo huwa nanyamaza kwa wajukuu.

Malori yalipokuja nilikuwa nimekwisha kuvuka daraja, na kila moja lilisimama. Nilifika nyumbani nikaweka maji motoni, nikapima unga. Mama mkwe alinitazama, akaniambia nimezidisha, ugali huo ni wa kuzidi watu wawili.

"Amefika Kona," nikamwambia.

Akavuta kigoda chake mpaka mlangoni, nami nikavuta changu, tukakaa kumngoja.